Gari Likikataa Kuwaka

Mtu akianza kukusimulia hadithi, halafu akakutajia mwisho wake kabla hata hujakaa vizuri, utamwambia kaharibu utamu. Ndivyo tulivyozoea. Mwisho ni kitu cha kufichwa. Anayesimulia anaujua, anayesikiliza anautamani, na ule mvutano ulio katikati yao ndio unaomfanya mtu asahau chai mpaka ikapoa. Wengi wetu tulioanza kusoma kwa hadithi za upelelezi tuliuonja mvutano huo mapema. Tangu Muhammed Said Abdulla alipotuletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), msomaji wa Kiswahili amekuwa akifunua kurasa na swali moja mdomoni: nani? Nani kaua? Walimu wa fasihi wanauita mvutano huo taharuki. Kwa hesabu hiyo, taharuki ni mtoto wa siri. Siri ikifa, na taharuki nayo ichimbiwe kaburi.

Basi hebu tazama, ndugu msomaji, sinema moja ya Marekani ya mwaka 1944 iitwayo Double Indemnity, ambayo kwa Kiswahili tungeiita Fidia Maradufu. Mwongozaji wake ni Billy Wilder. Inaanza na kivuli cha mtu mwenye magongo. Kivuli kinatujia polepole, kinakua, kinakua, mpaka weusi wake unajaa kioo kizima. Kisha ni usiku katika mji wa Los Angeles, gari linapita mbio. Mwanamume mmoja anaingia kwenye jengo la kampuni ya bima, koti kalitupia mabegani, uso umelowa jasho. Anaketi mezani, anavuta mashine ya kurekodia sauti, anaanza kumsimulia mkuu wa idara ya madai, bwana mmoja aitwaye Keyes, ambaye ni rafiki yake. Yeye mwenyewe ni Walter Neff, wakala wa bima. Anasema aliyeua ni yeye. Kaua kwa ajili ya pesa na kwa ajili ya mwanamke. Pesa hakupata, na mwanamke hakupata.

Ndiyo hivyo. Hata robo saa haijapita, tumeshajua nani kaua, kaua kwa nini, na kwamba mambo yamemharibikia. Siri imekufa mchana kweupe. Mbona basi sinema inaendelea kwa zaidi ya saa moja na nusu, na muda wote huo mtu unakaa ukingoni mwa kiti, mate hayamezeki?

Swali hilo limenikaa kichwani siku nyingi, maana nami naandika hadithi, na kila anayeandika anataka kujua namna ya kumshika msomaji asikimbie. Jibu nililolipata ni kwamba taharuki ya sinema hizi haitokani na tusichokijua. Inatokana na mahali tunapokalishwa. Kamera, sauti na taa vinatuongoza taratibu, kama mtu anavyoshikwa mkono gizani, mpaka tunajikuta tumekaa upande wa mwenye hatia. Na tukishakaa pale, tunaogopa kile anachokiogopa yeye.

Kwanza tupate jina. Jina la sinema za namna hii halikutoka Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wajerumani walipoikalia Ufaransa, sinema za Kimarekani zilikatika. Vita vilipokwisha zikaingia nyingi kwa mkupuo mmoja, na mwaka 1946 mhakiki aitwaye Nino Frank akaona kuna jambo limebadilika: uhalifu ni uleule, lakini sasa umeingiwa na kiza. Akaziita film noir, yaani sinema nyeusi. Waliozitengeneza huko Hollywood wala hawakulijua jina hilo. Wao walikuwa kazini, wanatengeneza hadithi za mauaji za kuuza tiketi.

Na kazini huko walikuwa wamebanwa. Tangu mwaka 1934 studio zilifuata kanuni za maadili zilizosimamiwa na ofisi ya Joseph Breen. Mhalifu sharti apate adhabu yake. Mauaji yasioneshwe kinaganaga. Hadithi ya James M. Cain iliyozaa Double Indemnity ilikaa miaka kadhaa studio zikiiogopa kwa sababu hiyo. Sasa fikiri: kama kila mtu anayekata tiketi anajua kwamba mhalifu hatapona, swali la "je, atapona?" linabaki na nguvu gani? Waongozaji ikabidi waitafute taharuki mahali pengine. Wakaitafuta ndani ya mtu.

Nikafanya jaribio. Niliitazama sinema hii mara tatu, kwa siku tatu. Siku ya kwanza niliizima sauti kabisa, nikabaki na picha peke yake. Siku ya pili niliitundika kanga mbele ya kioo cha kompyuta, nikawa nasikiliza tu. Siku ya tatu niliiacha kama ilivyo, na nikamwalika baba mdogo aje tuitazame pamoja.

Ukiizima sauti, kitu cha kwanza unachokiona ni mistari. Neff anaingia katika nyumba ya akina Dietrichson mchana. Nje kuna jua kali la California. Ndani mna kiza cha vumbi, na mwanga unapenya kwenye mapazia ya vibao, unaanguka ukutani na juu ya suti yake kwa mistari: mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Jamaa hajafanya kosa lolote bado. Kaja kwa habari ya bima ya magari, basi. Lakini macho yetu yameshaona nondo za jela. Mpigapicha, John F. Seitz, alipuliza chembe za alumini hewani ili vumbi lionekane likielea kwenye miale. Yaani hata hewa ya nyumba ile ilitengenezwa! Hakuna aliyetuambia kwamba nyumba ni mbaya. Mapafu yetu ndiyo yaliyojua kwanza.

Taa zenyewe zilifanyaje kazi? Desturi ya studio za siku zile ilikuwa taa tatu. Kuna taa kuu, inayomulika uso kutoka upande mmoja. Kuna taa ya kujazia, iliyo laini, inayofuta vivuli ambavyo taa kuu imeviacha. Na kuna taa ya nyuma, inayochora ukingo wa nywele na mabega ili mtu asizame kwenye ukuta. Kwa taa hizo tatu kila nyota wa Hollywood aling'aa kama sahani mpya. Sinema nyeusi ilifanya jambo dogo tu: ilipunguza ile taa ya kujazia, na mara nyingine ikaizima kabisa. Jaribu mwenyewe umeme ukikatika. Washa kibatari, kiweke upande mmoja wa mtu unayemfahamu miaka yote, kisha mtazame. Nusu ya uso ni yake. Nusu nyingine imekwenda, na wewe ndiye unayeijaza. Unaijaza na nini? Na kile ulicho nacho mwenyewe. Hapo ndipo kazi ya taa inapoanzia: mtazamaji hapewi uso mzima, anaambiwa aumalizie.

Zaidi ya hayo, giza ni rahisi. Ukuta usiomulikwa hauhitaji kupakwa rangi. Mpigapicha John Alton, mzaliwa wa Hungaria, alitumia giza namna hiyo katika sinema ya bajeti ndogo kama T-Men (1947), na mwaka 1949 akatoa kitabu kizima juu ya kazi ya taa, kiitwacho Painting with Light. Umaskini wa studio ndogo ukageuka kuwa ufundi, na ufundi ukageuka kuwa namna ya kuuona ulimwengu.

Bado tuko kwenye siku ile ya kwanza, isiyo na sauti. Sasa tazama kamera. Bwana Dietrichson kavunjika mguu, kafungwa plasta, anasafiri kwa treni. Mkewe, Phyllis, anampeleka stesheni kwa gari. Neff kajificha nyuma, chini ya usawa wa viti. Mwanamke anapiga honi mara tatu, ndiyo ishara waliyopatana. Na hapo kamera inamgeukia Phyllis na kubaki palepale. Mume anauawa ubavuni pake, nje ya picha. Sisi tunaona uso wa Barbara Stanwyck tu, macho yako mbele barabarani, ametulia kama mtu anayekwenda dukani kununua sukari. Kanuni zilikataza kuonesha mauaji, sawa. Lakini ona walivyoigeuza kanuni kuwa silaha. Tungeoneshwa mikono shingoni, tungemhurumia anayekufa. Kwa kuoneshwa uso ule, tunabaki na walio hai. Kamera imetuchagulia kiti.

Kuna mahali pengine kamera inafanya hivyo, penye mlango. Keyes amekuja nyumbani kwa Neff usiku. Ameanza kunusa. Wakati huohuo Phyllis naye yuko njiani anakuja. Wakikutana wawili hao, kwisha habari! Phyllis anafika Keyes akiwa anatoka, na anajibanza nyuma ya mlango, mlango ambao unafunguka kwa nje, ukumbini. Milango ya nyumba za kawaida haifunguki hivyo, na nadhani kila fundi seremala aliyeiona sinema hiyo alicheka. Lakini kwa mlango ule Wilder aliweza kuwaweka wote watatu kwenye picha moja: Keyes anayekwenda kwenye lifti, Neff aliyeshika mlango, na mwanamke aliyebanwa nyuma yake. Hakuna siri hapo. Tunawaona wote. Keyes anageuka, anarudi, anataka kiberiti cha sigara yake. Neff anamwashia. Na sisi? Sisi tumeacha kupumua, tunamwomba mzee mwema, mwaminifu, aliye sahihi kwa kila kitu, aondoke zake haraka. Hebu niambie, hiyo ni akili gani?

Siku ya pili niliweka kanga. Nilidhamiria kusikiliza kama watu wanavyosikiliza mchezo wa redio. Na kweli, sinema nyeusi ina undugu na redio, maana ndani yake mna sauti ya mtu anayekusemesha karibu na sikio. Sauti ya Neff haina haraka. Ni sauti ya mtu ambaye mambo yake yamekwisha, anayahesabu tu. Anaposimulia hivyo, kila jambo linalotendeka, hata busu, limeshakuwa la zamani. Tunaliona likiwa bichi na kulisikia likiwa limeoza. Muziki wa Miklós Rózsa unatembea chini yake kwa hatua nzito, kama kile kivuli chenye magongo cha mwanzo.

Baada ya mauaji, mambo yote yakiwa yamekwenda sawasawa, Neff anatoka usiku kwenda kutafuta cha kula. Anasema, njiani aligundua kwamba hasikii nyayo zake mwenyewe; mwendo wake ulikuwa wa maiti. Nikiwa mbele ya kanga, aliposema hivyo, nikajikuta nategea sikio nyayo hizo. Sauti ilikuwa inanieleza habari za sauti isiyokuwepo, na mwili wangu ukaitafuta. Vivyo hivyo katika mkutano wao wa mwisho, sebuleni, taa zimezimwa. Muziki unaingia kwa mbali kutoka nje, wa kustarehe kabisa. Neff anakwenda kufunga dirisha. Muziki unafifia. Halafu risasi. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijawahi kuuona usemi huo ukipigwa picha vizuri kama pale.

Kwa kuwa tumefika kwenye kimya, niruhusu nitoke kidogo ndani ya Double Indemnity. Mwaka 1955 ilitoka The Big Combo, iliyoongozwa na Joseph H. Lewis na kupigwa picha na huyohuyo John Alton niliyemtaja. Ndani yake kuna jambazi mzee, McClure, ambaye masikio yake ni mazito na anatumia kifaa cha kumsaidia kusikia. Anajaribu kumpindua bosi wake, mpango unageuka, bunduki zinamwelekea yeye. Bosi anamsogelea na kumtoa kile kifaa sikioni, eti anamfanyia hisani, asisikie risasi. Palepale sauti ya sinema nzima inakatika. Bunduki zinatapika moto gizani, kimya kabisa, bila hata mtutumo. Tumewekwa ndani ya sikio la mtu anayekufa, mtu ambaye dakika chache nyuma alikuwa yeye ndiye anayetaka kuua. Hatukuulizwa kama tunampenda.

Turudi kwa Neff, siku ya tatu. Baba mdogo alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Kiingereza chake ni cha faili: kimenyooka, kina tarehe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Haya, hiyo sinema yenyewe ya rangi gani?"

"Nyeusi na nyeupe."

"Aa, hizo ndizo. Za rangi zinaniumiza macho."

Akakaa. Neff alipomaliza kusema kwenye mashine kwamba kaua yeye, baba mdogo akanigeukia. "Huyu keshakiri. Kesi imekwisha. Sasa tunangoja nini?" Nikacheka, kwa sababu alikuwa ameniuliza swali langu mwenyewe bila kujua.

Tukaendelea. Mume kauawa. Neff, akiwa na magongo na plasta ya uongo mguuni, anapanda treni kama kwamba yeye ndiye marehemu. Anakwenda nyuma kabisa kwenye behewa la mwisho, anaruka gizani. Mwanamke yupo pale na gari. Wanautoa mwili, wanaulaza kwenye reli ionekane mtu kaanguka. Kila kitu kwa mpangilio, kama kujaza fomu. Wanarudi garini. Phyllis anawasha. Gari halishiki. Anajaribu tena. Halishiki. Wanatazamana. Hakuna askari anayekuja, hakuna mtu yeyote. Kuna nyuso mbili ndani ya gari, kiza, na injini inayokoroma bila kushika. Kamera iko nao ndani. Haitoki nje hata kidogo ili tupumue. Wilder mwenyewe alisimulia kwamba wazo hilo lilimjia siku gari lake lilipogoma.

Nikasikia upande wangu sauti ndogo. "Washa. Washa, bwana!"

Alikuwa baba mdogo, kainama mbele, mkono kaukunja kama aliyeshika ufunguo. Neff anapeleka mkono, anaugeuza ufunguo taratibu, injini inashika. Baba mdogo akarudi nyuma kwenye kiti, akashusha pumzi. Kisha akatulia. Nikaona anatazama mkono wake.

"Umeona walivyonifanya?" akasema.

Hakusema neno tena mpaka mwisho. Tulipokuwa tunakunywa chai ndipo akaanza, polepole. "Unajua mwanangu, maneno 'mshtakiwa alikiri kosa' nimeyaandika sijui mara ngapi. Ukishayaandika yanakaa kama jiwe. Gari halimo. Wala hamna mtu anayegeuza ufunguo." Akanyamaza. "Simaanishi waachiwe. Waliua wale. Ila..." Hakuimalizia. Akaomba sukari.

Ile "ila" yake ndiyo ninayoitafuta katika makala hii. Faili huanza na mwisho, kama sinema hii inavyoanza na mwisho. Lakini faili inatukalisha juu, mahali pa hakimu, ambapo mtu anaonekana mdogo na kosa linaonekana kubwa. Sinema nyeusi inauchukua mwisho huohuo, inatukalisha kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kutoka pale uovu haufanani na shetani mwenye pembe. Unafanana na gari lisilowaka, na mlango uliofunguliwa kwa nje, na mtu anayeomba kiberiti wakati mbaya.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kuwafundisha vijana ubaya. Kwamba msanii anayetufanya tumwombee muuaji kaacha kazi yake. Sinema inayoweza kuwajibu ni The Third Man ya mwaka 1949, ya Carol Reed wa Uingereza, iliyopigwa picha na Robert Krasker katika mji wa Vienna uliobomolewa na vita. Mitaa ilimwagiwa maji ili mawe yameremete usiku. Kamera imelazwa upande, majengo yanaonekana yanataka kutuangukia. Muziki ni wa zeze la mezani la Anton Karas, mchangamfu kama wa harusini, na uchangamfu huo ndio unaotutia wasiwasi. Harry Lime, ambaye wote walidhani kafa, anasimama kwenye kizingiti gizani. Paka yuko miguuni pake. Mtu anafungua dirisha juu, mwanga unamwangukia usoni, naye anatabasamu. Orson Welles! Nani asiyempenda pale? Kosa lake tumeshaambiwa: kauza penisilini iliyochanganywa na takataka, na watoto wameharibika. Tunampenda vivyo hivyo. Baadaye, juu ya gurudumu kubwa la kubembea, anamwonesha rafiki yake watu walio chini, wadogo kama vitone, akamuuliza kama kweli angehuzunika kitone kimoja kikiacha kutembea. Na kamera inatuonesha vitone. Kutoka kule juu, anayoyasema yanakaribia kuingia akilini.

Kisha mkuu wa polisi anampeleka yule rafiki kwenye wodi ya watoto. Hapo Reed anafanya jambo lilelile alilolifanya Wilder ndani ya gari: kamera haiwaonyeshi walioumizwa. Hatuoni mtoto hata mmoja. Tunaona uso wa mtu mzima anayetazama vitandani, na mwanasesere wa dubu anatupwa. Basi. Ufundi ni uleule, kuficha anayeumia na kuonesha anayeona, lakini sasa umegeuzwa upande wa pili, na wale watoto tusiowaona wanatulemea kuliko wangeoneshwa. Ndiyo maana sikubali kwamba ufundi huu unafundisha ubaya. Unatuonesha tu jinsi kiti kinavyobadilisha moyo. Aliyelijua hilo, mara nyingine akiona watu wanageuka kuwa vitone, ataweza kujiuliza: nani kanipandisha huku juu?

Tena wengi wa waliozitengeneza sinema hizi hawakulijua jambo hilo kwa kusoma. Fritz Lang, Robert Siodmak na Billy Wilder mwenyewe walifanya kazi Berlin, na wote waliihama Ujerumani baada ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933. Mama yake Wilder alibaki nyuma, na Wanazi wakamuua. Hawa ni watu walioona majirani, makarani, mawakala, watu wa kawaida wenye bima na magari, wakisogea hatua moja moja. Sishangai kwamba swali la "nani kaua?" halikuwatosha. Wao walitaka kuona mtu anafikaje pale, kwa miguu gani, akisikia nini njiani.

Wilder alipiga picha hata za Neff akiuawa na serikali katika chumba cha gesi. Alizitengeneza kwa gharama, kisha akaziacha. Alichagua mwisho mdogo zaidi. Sinema nzima Keyes hana kiberiti. Kila akitaka kuvuta, anajipapasa mifukoni, na Neff anamwashia kijiti kwa ukucha wa kidole gumba, kama mtoto anavyomsaidia mzazi. Mwishoni Neff kaanguka mlangoni mwa ofisi, damu inamtoka. Keyes kasikia yote. Keshaita watu, na sheria inakuja, haina haraka wala haina shaka. Neff anataka kuvuta sigara, anajaribu kuwasha, mkono hauna nguvu tena. Keyes anapiga magoti, anamwashia yeye.

Sinema iliyoanza kwa kivuli kilichojaa kioo kizima inakwisha kwa mwanga wa kijiti kimoja cha kiberiti. Keyes hajasamehe chochote. Lakini ameshuka pale sakafuni, kwa dakika moja, mahali ambapo sisi tulikuwa tumekaa tangu mwanzo.

Kwa hiyo siku hizi nikishika kalamu sianzi kwa kuuliza nimfiche nani. Nauliza nimkalishe wapi msomaji. Wewe nawe unayeandika, jaribu. Mtaje muuaji kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, mtaje na jina la babake. Halafu mnyime gari la kuondokea, uone wasomaji watamwombea nani.